Mfupa wa Akika ya Mwanakhamis

Anuar, funga mlango huo, na mgongee jirani ukutani aipunguze redio yake, maana sauti yangu ya leo si ile mnayoijua na sitaki kurudia neno mara mbili. Sogeeni wanangu. Wewe Mwanakhamis, acha hilo shuka, litafuliwa kesho, kaa hapa kitandani nikuone uso, usikae nyuma yangu. Riyama, mjukuu wangu, simu yako iweke hapa juu ya mto inase kila nnalosema, asije mtu kesho akadai mzee alikuwa anaweweseka. Siweweseki. Leo Ijumaa, alasiri imeshasaliwa, mimi ni Ubwa Machano wa Matemwe, mchinjaji, na akili zangu nnazo zote. Miguu tu ndiyo iliyonikataa.

Mwaka wa tatu huu sijakanyaga chini. Ghorofa ya tano ya Michenzani, wallahi, ukishapanda na ukiwa huna miguu ndiyo umeshafika, hakuna pengine pa kwenda. Dunia yangu ni dirisha hilo: mapaa ya mabati ya Ng'ambo, waya za umeme, na kipande cha njia ambacho watu wanapita nikaona vichwa tu. Niliwahi kukwambia, Anuar, unishushe japo siku moja nikakae barazani nisikie watu wakigombana, ukanambia, "Baba, ntatafuta watu wanne wa kukubeba," na hao watu wanne mpaka leo hawajapatikana. Sikulaumu. Nshazoea. Lakini kuzoea si kupumua, na mimi hapa hewa nnayovuta ni ile ile ya jana, na kinachonifunga kifua si maradhi peke yake. Nitafika huko.

Nianze na mali kwa kuwa ndiyo nyepesi. Shamba la Matemwe lisiuzwe. Wale mabwana waliokuja na ramani wakitaka kujenga vibanda vya wageni, wakirudi wapeni chai, waulizeni hali, kisha waonyesheni njia. Mtagawana kama sheria ilivyopanga, wala sitaki kusikia mtu ananiongezea maneno kaburini kwamba fulani nilimpenda zaidi. Mpaka wa upande wa kusini, ile minazi tuliyogombania na ndugu yangu Ame mpaka tukawa tunapishana msikitini bila kusalimiana, mwambieni aichukue. Ni yake. Nilijua ni yake tangu siku ya kwanza, ila alinitukana mbele ya watu na mimi nikaona bora nishikilie minazi kuliko kushika hasira zangu. Visu vyangu vitatu Anuar uvichukue hivyo hivyo, ingawa wewe unauza vipuri vya pikipiki na kuku ukimchinja unafumba macho.

Na theluthi yangu, ile ambayo mtu karuhusiwa kuitoa nje ya warithi, nampa ndege.

Anuar, usinitazame hivyo. Nimesema ndege, na nimesema nna akili zangu. Sikilizeni.

Mwezi uliopita Riyama alipokuja likizo kutoka chuoni kwake bara, huko wanakosomeshwa mambo ya wanyama, alikaa hapa hapa alipokaa mama yake Mwanakhamis sasa akanionyesha picha kwenye simu. Ndege mkubwa, kifua rangi ya kutu, jicho lina duara jekundu, na chini ya mdomo kajiotea kindevu cheusi. Akanambia, babu, huyu ni tumbusi-ndevu, tumbusi wa milimani, hali nyama kama wenzake, anakula mifupa, na katika milima yote ya kaskazini wamebaki wa kuhesabika. Wengi wanakufa kwa sumu ambayo watu wanamtegea fisi na chui. Akasema wao wanafunzi wanatafuta wazee waliowahi kukaa kule wawaonyeshe majabali yenye viota vya zamani, kwa sababu ndege huyu akipenda jabali hulirudia yeye na wanaomfuata, na jabali lisilojulikana halina mlinzi. Kisha akaniuliza, "Babu, wewe si uliishi kule? Hujapata kumwona?" Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikamjibu, "Hapana mjukuu wangu, sijamwona." Akaniamini. Akaweka simu akanimenyea chungwa.

Nilimwona, Riyama. Nilimwona kila siku ya Mungu kwa miaka minne.

Nilikwenda kule kijana, nimeshamuoa bibi yako Mwatum, kwa sababu Mansour mwenye bucha, yule Mwarabu wa Karatu, alitaka mchinjaji Muislamu anayejua kazi. Machinjio yenyewe yalikuwa juu kabisa, kwenye baridi, sakafu ya zege na paa la bati, na nyuma yake korongo ambalo sisi tuliliita Korongo la Mawe Mekundu. Mifupa tukiitupa pale ukingoni. Wakija mbwa, wakija kunguru, wakija tumbusi wale vipara wanaopigana na kupiga makelele kama watu kwenye foleni ya unga, na wote wakishamaliza wakaenda zao, ndipo anakuja yeye. Hana kipara, shingo yake ina manyoya mazuri ya kujitunza. Hagombani na mtu. Anachukua mfupa uliokwisha nyama, anapanda nao juu, juu, mpaka unaumia shingo kumtazama, halafu anauachia uanguke juu ya jabali bapa lililokuwa ng'ambo ya pili ya korongo. Usipovunjika anaufuata, anaupandisha tena. Sisi tukimwita Mvunjaji. Walikuwa wawili, dume na jike, na kiota chao kilikuwa ndani ya pango kwenye ukuta wa korongo, juu kidogo ya jabali lile. Nikimpenda, wallahi. Nikimaliza kazi nnakaa na kikombe changu cha chai nnamtazama. Mchinjaji mwenzangu kule alikuwa yeye.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mwanakhamis mwanangu, wewe ulizaliwa kule, na akika yako, sadaka ya mtoto mchanga, nilichinja mimi mwenyewe, kondoo mweupe. Nyote mnajua mfupa wa akika hauvunjwi. Kondoo anaachanishwa kwenye viungo, nyama inapikwa na mifupa yake mizima, watu wakishakula mifupa inaokotwa yote, inafungwa kwenye kitambaa cheupe na kuzikwa, tunamtakia mtoto akue na viungo vizima. Mama yako alikifunga kitambaa kwa mikono yake, mafundo matatu, akanipa, akanambia, "Ubwa, chimba mpaka kwapani." Mimi ardhi ile nilikuwa naijua, udongo shibri mbili halafu mawe matupu, na Mansour ananingojea na ng'ombe sita. Nikachimba urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, nikafukia, nikaweka jiwe juu, nikarudi nikasema nshazika. Mbwa wakafukua. Na asubuhi ya tatu tuko nje, mama yako kakubeba, tukamwona Mvunjaji anapanda na mfupa mwembamba wa mguu, na kipande cha kitambaa cheupe kinaning'inia. Akauachia. Tulisikia ulivyokatika. Mama yako alipiga ukelele nikadhani kakuangusha.

Sasa kila mmoja wenu kisa hiki anakijua mpaka hapa, na anajua kilichofuata kama mlivyohadithiwa: kwamba miezi minane baadaye mguu wa Mwanakhamis ukavunjika paja, hajaanguka, hajaguswa, kalala kitandani tu, kwa sababu ya mfupa wake uliovunjwa na ndege. Ndivyo mlivyohadithiwa. Ndivyo mama yenu alivyohadithia mpaka anakufa. Ndivyo walivyosema Matemwe nzima mlipokuwa wadogo, mpaka wakamwita mwanangu jina lile la kumkejeli mguu, na mimi nikisikia nnatazama pembeni.

Si kweli.

Siku ile mama yako alikwenda kisimani, akaniachia wewe machinjioni. Nilikuweka juu ya meza ya kukatia nyama, meza ndefu ya mbao, imefika kifuani kwangu. Nikakuwekea kanga huku na huku. Nje kulikuwa na mtu amekuja kuchukua ngozi, tukaanza kubishana, anasema ngozi zimetoboka, mimi nasema mtu wa kutoboa ngozi hajazaliwa kwenye visu vyangu, nikatoka mlangoni kumwonyesha. Nilitoka kwa majivuno, Mwanakhamis. Si kwa shida wala kwa dharura. Nikasikia kishindo. Ulikuwa kwenye zege, mguu umekaa vibaya, na hukulia mara moja, ulinitazama kwanza. Nikakuokota, nikakimbia na wewe nyumbani, nikakulaza kitandani nikakufunika, na mama yako alipoingia na ndoo kichwani nikamwambia, "Nilimleta alale, nimemkuta analia tu, sijui ana nini." Yeye mwenyewe, masikini, ndiye aliyekufunua, akaona mguu, akasema, "Yule ndege! Ule mfupa!" Nami nikanyamaza. Uongo ule sikuutunga, niliukuta umeshapikwa na kupakuliwa, nikala.

Subiri, usiseme kitu bado. Kuna zaidi, na nikinyamaza sitaweza tena kuanza.

Mama yako hakulala tena. Ndege akipita paa anakukumbatia mpaka unalia. Akanambia, wewe mwanamume gani, kitu kinamtafuna mwanao na wewe unakitazama na kikombe cha chai mkononi? Na mimi ningesema nini? Nikachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe kuua kupe, ile kali yenyewe isiyochanganywa na maji, nikachagua mifupa minono ya miguu, nikaipaka, nikavuka korongo nikaipanga juu ya jabali lake la kuvunjia. Hakushtuka kwa kuwa alinizoea. Yule dume alikula pale pale na kipande akampelekea mwenzake. Siku ya pili nilimkuta kalala kifudifudi juu ya jabali, mbawa kazifungua zote mbili, ukizipima zinashinda chumba hiki. Jike alikuwa chini ya pango. Nikamwita mama yako aje aone. Akaja, akatazama, akalala usingizi usiku ule mara ya kwanza.

Lakini ndani ya pango kulikuwa na kinda. Sikujua. Wallahi sikujua, na hata ningejua sidhani kama ningeacha. Likaanza kulia kutaka chakula, sauti nyembamba kama bawaba iliyokosa mafuta, na ukuta ule hapandi mtu. Haliwezi kuruka, haliwezi kushuka, na wa kulipandishia chakula hawapo tena, niliyewaua ni mimi. Nilirusha mifupa, ikaangukia chini. Siku sita, wanangu. Mama yenu akaniuliza, "Nini kile kinacholia?" Nikamjibu ni upepo. Siku ya saba kukawa kimya, na mimi nikamwendea Mansour nikamwambia atafute mchinjaji mwengine, nnarudi kwetu. Na miaka hii mitatu nnavyolala hapa, nnatazama dirisha, nnamngojea mtu apande ngazi aniletee chakula, na simngojei mwengine ila wewe Mwanakhamis. Na mguu ule ule. Ndoo ya maji mkono mmoja, mkono mmoja ukutani, ghorofa tano, kwa kuwa maji ya bomba hayafiki huku juu. Mimi nakusikia kuanzia ya pili: hatua nzito, hatua nyepesi. Kila siku nnasema leo ntamwambia. Unaingia, unanambia, "Shikamoo baba, umeamkaje?" na mimi nnakujibu marahaba na kukuuliza dagaa umepata bei gani.

Mguu ungekuwa peke yake ningesema ni ajali, mtoto kaanguka, watoto wanaanguka. Lakini angalia nilivyokufanyia. Mama yako kwa hofu ya ule mfupa hakukuacha upande mti, hakukuacha uogelee na wenzako, na ulipofaulu wakakuita bara kusomea uuguzi alikificha cheti chini ya godoro, na mimi nilijua kiko wapi. Ningeweza kusema neno moja: Mwatum, mwanao hana nuksi, mwanao aliangushwa na baba yake, mwache aende. Neno moja hilo sikulisema. Wachumba wakija wanakaa, wanakunywa sharubati, wanasikia kisa, wanaaga; baba yake Riyama peke yake ndiye hakuaga. Na mama yako, Mungu amrehemu, siku anakufa, mkono wake kwenye mkono wangu, anasema, "Ubwa, pengine mafundo sikuyafunga vizuri." Nikamwambia lala. Nilimwacha akaondoka na mafundo yale.

Hata hilo la mfupa nilikuja kumuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani, miaka imepita, nikajifanya namuulizia mtu mwengine. Akasema ni kutakia heri tu, ukivunjika hakuna kitu, na ndege hana dhambi. Nilitoka pale nikakaa barazani mpaka magharibi.

Basi. Nshasema. Hewa imekuwa nyepesi kidogo, au mnaiona vipi?

Riyama, shika haya. Ukitoka Karatu ukapanda mpaka mashamba ya ngano yanapokwisha, uliza machinjio ya zamani ya Mansour, yatakuwa magofu. Simama ukingoni utazame mashariki. Jabali bapa utaliona jeupe kwa vumbi la mifupa, kama mvua haikuliosha. Pango liko juu yake, mkono wa kulia wa mfereji wa maji, mdomo wake umekaa mshazari. Kama Mungu amejaalia wengine wamerudi pale, hao ndio wa kulindwa. Theluthi yangu itumike kwa hilo: awekwe mtu wa pale pale kijijini, anayejua milima, apeleke mifupa safi kutoka bucha, isiyo na dawa, na akae na wachungaji awaambie kwa lugha yao kwamba sumu ya fisi haimchagui fisi. Wakikuuliza nani kakutuma, usiwaambie babu yangu alikuwa mpenda ndege. Waambie babu yangu aliua wawili na kinda lao, kwa kuogopa mke wake asimjue. Waambie hivyo hivyo.

Anuar, wewe ulikuwa ukimcheka dada yako utotoni kwa ule mwendo. Umeshakuwa mtu mzima, unajua la kufanya.

Mwanakhamis.

Mwanangu, sikuombi unihurumie. Nakuomba radhi. Mtoto kumpa baba yake radhi, limepinduka, najua, lakini mimi ndiye niliyelipindua. Nnaondoka, na njia yote nnaiona imefungwa pale uliposimama wewe. Nambie neno. Lolote. Ukitaka nitukane.

... Mmemsikia? Simu imesikia? Anasema, "Baba, nimekusikia. Leo sina cha kukupa."

Hapana Anuar! Nyamaza! Usimwambie "Baba anakufa," anajua kama nnakufa, ndiye anayenigeuza ubavu. Mwache. Usimsute, usimletee shekhe, usimwitie shangazi zenu waje kumkalia vikao. Kajibu jibu la haki. Mimi nilikaa kimya miaka yote hii na hakuna aliyenihimiza. Naye ana miaka yake.

Nigeuzeni. Polepole... hapo.

La mwisho ni hili, na Anuar hili ni lako. Mtanizika Matemwe, karibu na mama yenu, lakini si ubavuni pake. Acheni kaburi moja katikati. Na jeneza likishawekwa mbele ya watu, utasimama wewe kama desturi, useme marehemu kama alimkosea mtu asamehewe, na watu wataitika wote kwa pamoja, "Tumemsamehe," kwa sababu jua kali na wanataka kuwahi. Wakishaitika, uwanyamazishe. Useme, tumesamehe sote ila mmoja, na yeye bado. Useme kwa sauti. Usimseme jina. Asitokee mtu yeyote akaitika kwa niaba ya mwanangu, maana maisha yake yote watu wamesema kwa niaba yake, na wa kwanza ni mimi.

Macho yananiingia kiza... ni jua limeshuka au ni mimi? Mimi. Haya.

Anuar, radhi yangu unayo, Mungu akupe riziki ya halali na watoto watakaokushusha ngazi. Riyama, Mungu akuhifadhi na majabali, uende na urudi. Laa ilaaha... ngoja, kwanza nimalize.

Mwanakhamis, lete mkono. Kama hutaki usilete. Radhi yangu unayo yote, mwanangu, ya tangu pale kwenye zege, uliponitazama... na hii... hii haingoji yako. Haingoji kitu. Umesikia mama? Haingoji.